Jina la Mwenye Dungu

Kifuniko cha ndoo kilisogea gizani, krr, taratibu, kama mtu anayechota maji ya kunywa bila kutaka kuamsha wenzake. Wiliam alikuwa na tabia hiyo akirudi safari. Nikakaa kitandani.

"Wiliam?" nikaita kwa sauti ndogo.

Panya akaruka, kifuniko kikaanguka chini, na Teddy akaamka.

"Baba amekuja?"

"Bado. Baba yupo, anakuja wiki hii. Lala, kunakaribia kucha."

Hiyo wiki hii ilikuwa inaingia mwaka wa pili. Wiliam alikwenda Chunya kuchimba dhahabu, Teddy ndiyo kwanza anaunganisha maneno. Tangu Pasaka ya mwaka jana simu yake haipatikani, na mwezi uliopita jirani aliyetoka huko aliniambia, huku akiangalia chini, kwamba kule ana mke na mtoto mchanga. Teddy sikumwambia. Sikujua nianzie neno gani, na kusema kweli, mimi mwenyewe nilikuwa bado namsubiri.

Siku hiyo tulikuwa na safari ya Lupiro. Mwalimu wetu wa historia katika masomo ya jioni pale Ifakara alitugawa wawili wawili, tukarekodi akina mama walioachwa nyumbani wakati wa Vita vya Kagera. Mwenzangu alikuwa Remigius, fundi baiskeli, mwenye simu nzuri na mdomo usiotulia. Teddy sikuwa na wa kumwachia, nikampakata kwenye pikipiki.

Bibi Klementina, mdogo wake bibi yake Remigius, tulimkuta shambani akiamia ndege. Alikuwa amekaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kinachoinuliwa juu ya mpunga, na teo lake mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa, nimeshaolewa na kwelea." Akanigeukia mimi. "Na huyu ndiye mke mwenzangu?"

"Huyu ni Levina, tunasoma naye," alisema Remigius.

"Haya, mama. Mume yuko wapi?"

"Yupo, bibi. Yuko kazini. Anakuja wiki hii."

Teddy alikuwa ameshika gauni langu. Bibi alitutazama wote wawili, kisha akalizungusha teo na donge la udongo likapaa.

Remigius aliweka simu juu ya gunia. Lakini kila bibi alipoanza kusimulia, kundi la ndege lilitua, naye akakatisha: "Haaaa! Tokaaaa!"

"Bibi, hizo kelele itabidi tuzikate."

"Ukizikata, mpunga wa kwenye simu utaliwa wote."

Tulipomaliza kucheka, alisimulia.

"Mpunga ulikuwa unakomaa walipowabeba mgambo. Beno wangu alipanda lori, akawa ananionyesha kwa mkono upande wa shamba, kwamba ngazi ya dungu hajaikaza. Neno jingine hakusema. Nikaikaza mwenyewe. Sabuni ikapotea dukani, tukafulia majani ya mpapai. Kuku tukawachangia askari. Hayo yote tuliyaweza. Kazi ilikuwa jioni."

"Jioni kuna nini?" nikauliza.

"Huku bondeni, kabla ya kulala, madungu yanaitana. Wa kwanza anajitaja, anamwita wa pili. Wa pili anaitikia kwa jina la mwenye dungu, anamwita wa tatu, mpaka mwisho wa mashamba. Ndivyo mnavyojua nani anaumwa, nani hajarudi kutoka mtoni. Sasa mwaka ule tulibaki wanawake watupu. Tukitaja majina yetu, mwizi aliyejificha kwenye matete atajua hapa hakuna mwanamume. Basi tukataja yao. 'Beno yupo!' nasema mimi. 'Hermenegildi yupo!' anaitikia mwenzangu, na Hermenegildi yuko Uganda."

"Kumbe mliwadanganya wezi," alisema Remigius.

"Wezi na nguruwe. Na sisi wenyewe. Ukilitaja jina lake kila jioni, unalala kama naye amejilaza upande wa pili."

Niliinama nikajifanya namfunga Teddy kiatu.

"Beno alirudi?" nikauliza.

"Wenzake walishuka stesheni ya Ifakara. Nilikuwa nimemtunzia pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, alikuwa anaupenda. Treni ikaondoka, nikabaki na kikapu changu. Taarifa waliniletea baadaye." Aliwatazama ndege waliokuwa wanatua, na safari hii hakuwafukuza. "Msimu uliofuata, zamu yangu ilipofika nikaitikia, 'Beno yupo.' Na wote wanajua amekufa. Hakuna aliyenicheka. Waliniachia msimu mzima."

"Halafu?"

"Halafu msimu mwingine nikasema, 'Klementina yupo.' Nilidhani dungu litaanguka."

"Halikuanguka?"

"Mama, nimeshajenga mengine mangapi tangu hapo?"

Jua lilikuwa limeshuka, ndege wameanza kuondoka. Remigius akamwomba aite kama zamani, darasa lisikie.

"Nijiite, nijiitikie? Mimi si kichaa. Nendeni, kila mtu na dungu lake."

Remigius akaenda dungu la jirani. Mimi na Teddy tukapanda la tatu, lililokuwa tupu. Simu tuliiacha kwa bibi.

"Klementina yupoooo!" Sauti ilipita juu ya mpunga, nyembamba, haikukatika. "Dungu la pili!"

"Remigius yupo, na njaa pia ipo! Dungu la tatu!"

Mdomo wangu ulishajiandaa. Jina la Wiliam nimelitaja kila jioni nikimlaza Teddy, limekuwa laini kama mpini wa jembe, linateleza lenyewe. Nikamwona Teddy ananitazama, ametulia vilevile anavyotulia kitandani akingoja niseme. Jina halikutoka. Na langu nalo halikutoka.

"Dungu la tatu!" aliita Remigius tena. "Levina, au mmelala huko?"

Teddy akaniachia gauni, akashika nguzo ya dungu kwa mikono miwili, akapaza sauti kama alivyosikia wakubwa wakipaza.

"Baba hayupo, tupo mimi na mama."