Boza Lisilokata Kulia

Usingizi wa mchana hauna adabu, haupigi hodi. Doto ameinamia meza tangu amalize kula, cherehani yake imesukumwa pembeni na kufunikwa kanga, na mahali pake pamejaa matofali ya plastiki, yale ya kuchezea watoto, yenye vinundu juu na uwazi chini, ambayo yeye huyanunua mnadani kwa kupimiwa kopo, mekundu kwa ya njano, mazima kwa yaliyotafunwa. Mtu mzima, bibi mwenye wajukuu, fundi nguo anayeaminika mtaa mzima wa Ngokolo hapa Shinyanga, na starehe yake ni kuunda magari! Majirani wamesema wee mpaka wamechoka. Ameunda greda, ameunda trekta, ameunda gari la zimamoto lenye ngazi inayopanda, na yote yalimtii. Leo amenuna. Mbele yake kuna boza la maji, tangi limeviringwa mpaka unatamani kuligonga usikie kama limejaa, na boza hili, jamani, limemshinda. Ukikata usukani kulia, matairi yanakwenda kushoto. Ukikata kushoto, yanakwenda kulia. Amelifumua na kulijenga tena, amelifumua na kulijenga tena, na kila likisimama linarudi na ukaidi wake uleule.

Lingekuwa la kuchezea tu, lingekwisha kutupwa ndooni. Lakini ni la Kulwa. Kulwa ni pacha wake, aliyemtangulia kutoka tumboni, dereva wa boza maisha yake yote ya kazi, mwanamke peke yake katika yadi ya wanaume, mpaka macho yalipoanza kumtupa mkono. Presha ya macho, walisema hospitalini, na kilichokwenda hakirudi. Sasa anaona vivuli tu. Alipogonga nguzo ya geti wakamnyang'anya funguo, na tangu siku hiyo halii wala hacheki, anakaa tu. Ameomba kitu kimoja. Mdogo wangu, alisema, niundie boza langu nilipakate, lakini usukani ukate, niwe naendesha hivyohivyo. Doto akaunda. Picha aliyoifuatisha ilikuwa ya gari la nchi za watu, usukani kushoto. Yeye akauhamishia kulia kama ilivyo huku kwetu, na ili ufike akaongeza gurudumu dogo la meno liumane na lile lililokuwepo tayari. Wiki iliyopita Kulwa akalipapasa, akakata kulia, akashika tairi kwa vidole, akalirudisha mezani polepole. Akasema, hata wewe, Doto, unanidanganya? Basi. Neno hilo limemkwama Doto kooni kama mwiba wa sato. Na leo jioni Kulwa anakuja tena, na Doto hana jipya la kumwonyesha. Anapumzisha shavu juu ya matofali, dakika moja tu, anajiambia, nifikirie.

Anainua kichwa, na hayuko mezani. Amekaa ndani ya boza lenyewe, limekuwa kubwa kama la kweli, kiti chake cha plastiki kina vinundu vinavyomchoma makalio, na mbele yake barabara ya matofali ya kijivu inakwenda, inapinda, inajirudia, inapita juu ya mgongo wake yenyewe na kuendelea kwenda. Upande wa kulia, si mbali, anaiona Shinyanga, mabati yanameta. Anakata kulia. Boza linakwenda kushoto. Ala! Anakata tena, kwa mikono yote miwili, anasimama kabisa kwenye pedali, na boza linazidi kula kushoto, linaingia mji asioujua, mji ambao kila kitu chake kimegeuzwa. Maandishi ya maduka yanaanzia mwisho. Watu wanapeana mkono wa kushoto bila haya. Wazee wanainamia watoto wadogo na kuwaambia shikamoo, na vitoto vinaitikia marahaba kwa sauti nzito. Doto anawaza, akili kidogo, nikate kushoto basi niende kulia, na anakata kushoto, na boza, kwa sababu halina haya, safari hii linatii. Linakwenda kushoto. Doto anapiga usukani kofi. Wewe shetani, analiambia, unataka nini kwangu?

Katikati ya barabara amesimama mtu mwenye nguo nyeupe kama za askari wa barabarani, mkono juu, na chini ya kofia hana uso. Ni laini tu, hana jicho, hana pua, ila anaongea. Karibu, Ndoto, anasema. Naitwa Doto, anajibu Doto, toa hiyo N yako. Unakwenda wapi, Ndoto? Kulia! Basi lia, anasema yule mtu. Sisemi kulia kwa machozi, nasema kulia, upande, mkono wa kulia! Asiye na uso anatikisa kofia kwa masikitiko. Huku kwetu kulia si upande, anasema, kulia ni kazi ya macho. Doto anasaga meno. Ana boza la kupeleka, ana dada anayemsubiri, na mtu huyu anamchezea maneno. Niambie kwa nini halikati, anasema, nami nitakushukuru. Yule mtu anashusha mkono. Kitendawili, anasema. Na Doto, kwa mazoea tu, kama mtu anayeitikia salamu, anajibu, tega.

Wawili wameumana, mmoja akigeuka kulia, mwenziwe hugeuka kushoto. Miguu, anasema Doto upesi. Sivyo, nipe mji. Na mnajua sheria, ukishindwa kitendawili unatoa mji, tumetoa miji tangu utotoni na hakuna hata mmoja uliowahi kuondoka. Nakupa Nzega, anasema Doto, chukua, niache. Basi kule mbali Nzega inaanza kufumuka, bati kwa bati, ukuta kwa ukuta, kila tofali linajichomoa na kupotea, mpaka panabaki uwanja wa kijivu wenye vinundu. Doto anakodoa macho. Asiye na uso anatega tena kilekile. Kioo, anasema Doto, na safari hii sauti imepungua. Sivyo, nipe mji. Anatoa Tabora, na Tabora nayo inafumuka na miembe yake yote. Kitendawili kilekile. Mume na mke! anafoka Doto, aliyewahi kuolewa na anajua anachokisema, na nusura yule mtu acheke, kifua kinamtikisika. Umekaribia, anasema, lakini sivyo, nipe mji. Kahama inakwenda. Barabara inajikunja, inamrudisha palepale, kofia ileile, mkono uleule juu. Doto anatafuta mji wa kutoa na haupati. Umebaki mmoja tu.

Na upo hapa hapa, kumbe, Shinyanga imemjia yenyewe mpaka kwenye bampa, na kando ya barabara amesimama Kulwa na dumu lake la njano, anamtazama. Anamtazama! Si kwa kuinamisha sikio kama siku hizi, ni kwa macho mawili makavu yanayotua juu ya kitu na kukiona. Doto, anasema Kulwa, mbona umefumuka begani, fundi nguo mzima huoni aibu? Doto anajishika bega, kweli pamefumuka. Anaruka chini, anamkumbatia, anamwuliza, na kibao kile kule unakiona? Kulwa anayasoma maandishi yote, ya kinyumenyume yale, bila kukosea, kisha anasukuma dumu pembeni na kupanda kwenye boza kama mwenye mali. Haya, anasema, twende. Halikati, dada. Hujui kulikata wewe, sogea. Sisogei. Sogea nakuambia! Kulwa anavuta usukani huku, Doto anavuta kule, wanasukumana viwiko, wanatukanana kwa Kisukuma matusi ya utotoni ambayo mama aliwachapia, na boza linayumba kushoto, kushoto, kushoto. Asiye na uso anapanda kwenye ngazi ya mlango. Kitendawili cha mwisho, anasema, na ukishindwa nipe mji huu na waliomo.

Doto anashikilia usukani. Kiwiko cha Kulwa kiko mbavuni mwake, kilekile cha zamani, cha kwenye mkeka mmoja, walipokuwa wakipigana mateke mpaka mama akachoka, akamchukua mdogo wao akamlaza katikati. Na mdogo wao alikuwa nani? Usukumani mapacha ni Kulwa na Doto, na anayezaliwa nyuma yao jina lake halitafutwi, ni Shija. Akilazwa Shija katikati, wote wawili wanageukia upande mmoja, wanalala. Mapacha! anapiga kelele Doto. Mapacha wasio na Shija! Magurudumu mawili ya meno yakiumana, moja likienda huku, jingine linakwenda kule, yanataka la tatu katikati! Ewe mjinga mimi, anajiambia, wiki nzima! Umepata, anasema asiye na uso. Anafungua kiganja, na ndani yake kuna gurudumu dogo la meno, la kijivu. Litie, anasema, kila kilichogeuka kitanyooka, lakini kumbuka ni kila kilichogeuka. Na kofia yake inamwelekea Kulwa, kwenye macho yake.

Doto anaelewa, na hasira inampanda mpaka masikio yanamlia. Potelea mbali na gurudumu lako, anasema. Heri tubaki. Tutakwenda kushoto maisha yetu yote, kwani nani kafa kwa kwenda kushoto? Kulwa anaangalia mikono yake kwenye usukani, anaiangalia sana, kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto mchanga. Kisha anasema, tia. Sitii, anasema Doto. Tia, Doto. Mimi sijawahi kupanda gari lisilonitii, sitaanza uzeeni. Utakuwa kipofu, dada. Nitakuwa dereva, anasema Kulwa. Doto anakataa, anakataa tena, anamwita mkaidi, anamwita punda, na huku akisema hivyo vidole vyake vinalichukua gurudumu, vinashuka chini ya usukani, vinapapasa penye yale mawili yanayoumana, na gurudumu linaingia mahali pake kwa mlio mdogo, ka. Machozi yanamtoka, anayafuta kwa mkono wa gauni. Kulwa anakata kulia. Boza zima linatikisika, na linakwenda kulia.

Shavu linamuuma. Doto anainuka mezani akiwa na alama za vinundu usoni, jua limeshafika mlangoni, kuku wa jirani wamo ndani wanadonoa. Boza liko mbele yake. Analigeuza, anachungulia chini ya usukani, na hapo kuna magurudumu matatu ya meno, na hakumbuki, kwa kweli hakumbuki, kulitia la tatu. Hata kuwa nalo hakumbuki. Hodi, anaita Kulwa nje, na mkono wake unatangulia kuingia, unatafuta mwimo wa mlango. Karibu dada, anasema Doto. Anamkalisha, anampakatisha boza, anarudi nyuma kama mtu aliyewasha fataki. Kulwa anapapasa tangi, anapapasa taa, anaupata usukani. Anakata kulia taratibu. Anapeleka vidole kwenye matairi. Uso wake unafunguka, wote, mpaka kwenye yale macho. Limekata, anasema. Mdogo wangu, limekata kulia! Na anacheka, cheko lake la yadi, la kukohoa.

Doto anatazama. Matairi yameelekea kushoto. Anafikicha macho, anasogea, anainama mpaka pua inakaribia kugusa bampa. Kushoto, bila ubishi. Anafumba macho na kuweka vidole vyake juu ya vidole vya dada yake, kwenye tairi, na vidole havidanganyi, limekata kulia, kulia kabisa. Anafumbua, kushoto. Anafumba, kulia. Kulwa hana habari, ameshaingiza gia, anaunguruma kwa mdomo, anapiga honi, anamtukana mwendesha bodaboda asiyekuwepo, machozi yanamtiririka na anacheka. Ghafla anasita, anageuza sikio. Doto, anasema, mbona kimya hivyo, umelala? Doto anafungua kinywa amjibu, na hajui aseme ndiyo au hapana.