Goti la Nahodha

Kwa miaka kumi na minne yule mwalimu aliifundisha timu ya mpira wa wavu ya wanawake wa hospitali kuu, na katika miaka hiyo alibeba vikombe sita. Wapinzani walimwita Mama Vikombe. Walikusudia kejeli, lakini jina lilimkaa vizuri, akalivaa kama nguo ya sikukuu. Mume hakuwa naye, wala mtoto. Alikuwa na chumba na sebule nyuma ya karakana ya seremala, na rafu moja iliyopinda katikati kwa uzito wa vikombe.

Wachezaji wake walikuwa wauguzi, wapishi na wafagizi wa wodi. Nahodha alikuwa dobi. Kutwa nzima alisimama mbele ya mashine za kufulia, akipakia na kupakua mashuka, na jioni alifika uwanjani mikono ikinukia sabuni. Ndiye aliyewainulia wenzake mpira pale wavuni ili wapige. Mwalimu alimwamini kuliko mtu yeyote, ingawa hakuwahi kumwambia. Kwake yeye sifa ni kama chumvi, ukizidisha umeharibu.

Kusali alikuwa ameacha zamani, tangu walipomzika baba yake. Wachezaji waliposhikana mikono kabla ya mechi, yeye alijitenga akijifanya anafunga kamba za viatu. "Mungu hapigi mpira," alisema, na wao wakacheka kwa adabu.

Fainali ya mwaka ule ilikwenda vibaya mapema. Katikati ya seti ya nne nahodha alisogea ukingoni, akainama karibu na benchi.

"Mwalimu, goti linaniuma. Si maumivu ya kawaida."

Filimbi zilikuwa zinalia, mashabiki wanapiga madebe. Mwalimu akageuza uso kumtazama mwamuzi, kana kwamba kuna jambo analifuatilia, kisha akapiga makofi mawili. "Haya, mpira, mpira." Nahodha akarudi mahali pake.

Katika seti ya tano, kumi na tatu kwa kumi na tatu, nahodha aliruka, na alipotua goti likaenda upande ambao goti haliendi. Mlio wake ulifika hadi benchi. Pointi mbili zilizobaki zilichezwa na msichana wa akiba, na zote zikaenda kwa wapinzani. Nahodha alipobebwa kwenye machela, Mwalimu alimwinamia na kusema, "Pole. Ungetua kwa miguu miwili."

Goti lilipasuliwa mara mbili, lakini halikurudi kuwa goti la kurukia. Nahodha akahamishwa kutoka kwenye mashine, akawekwa kwenye kiti, akunje mashuka. Viongozi wa timu walipomhoji Mwalimu kwa nini hakumtoa mapema, aliwaambia kulikuwa na kelele, hakusikia kitu. Aliwaambia hivyo wauguzi, akamwambia hivyo seremala jirani yake, hadi akakaribia kuamini.

Msimu uliofuata walishindwa mechi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwenyekiti wa timu alimpigia simu kumpoza. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mama." Mwalimu hakutaka kupozwa. Aliwakimbiza wachezaji mizunguko zaidi, akawafokea, akasema nidhamu imekufa. Muuguzi mmoja akabadilishiwa zamu. Mpishi akasema mgongo unamuuma. Wengine, simu zao ziliita tu hadi zikakatika.

Jumatano moja alifika uwanjani akakuta hakuna mtu. Akasimika nguzo, akafunga wavu peke yake, akikimbia kutoka upande huu hadi ule kukaza kamba, maana akivuta huku, kule kunalegea. Akapanga mipira mstarini. Mfagizi mmoja akapita na toroli lake.

"Leo hakuna mazoezi, Mwalimu?"

"Wamechelewa."

Mfagizi akatazama wavu, akamtazama na yeye, akaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Mwalimu aliketi kwenye benchi hadi jua likazama. Kisha akafungua alichofunga. Wavu uliokunjwa na mtu mmoja huwa tonge tu la kamba. Aliubeba hivyohivyo hadi stoo, akaufungia.

Nyumbani aliketi bila kuvua viatu. Alijaribu kuwakasirikia, hasira haikuja. Kilichokuja ni sauti ya nahodha: si maumivu ya kawaida. Aliisikia wazi, neno kwa neno, kama alivyoisikia siku ile.

Jumapili akaenda kwa nahodha. Njia nzima alipanga hotuba, akaipamba kwa methali, akaisahau pale mlango ulipofunguliwa na mama mzazi wa nahodha, bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe wa vikombe? Nilidhani u mrefu zaidi. Ingia, tunataka kula."

Nahodha alikuwa mezani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Alisalimia kwa heshima, kama mtu anavyomsalimia mkuu wa kazi. Bibi akatenga wali na maharage, akaketi, akafumba macho. Kisha akayafumbua.

"Mgeni ndiye anayeomba hapa. Tuombee, Mwalimu."

"Mama, mimi siku hizi siombi."

"Basi omba kidogo."

Mwalimu akainamisha kichwa. Alitafuta maneno ya utotoni, yale ya kushukuru chakula, hayakuwapo. Alipofungua kinywa, sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya uwanjani.

"Mungu, sijui kama unanikumbuka. Mtoto huyu aliniambia anaumwa. Nilimsikia. Nikageuza uso, kwa sababu nilitaka kikombe. Halafu nikawaambia watu sikusikia." Akainua kichwa. "Sina zaidi."

Bibi akasema, "Amina. Kuleni, chakula kinapoa."

Nahodha alichezea punje za wali kwa kijiko. Mwalimu alipoaga, nahodha alimsindikiza hadi mlangoni, akichechemea, mkono ukutani.

"Mwaka mzima nimekuwa nikikutetea," akasema. "Kila aliyekusema nilimwambia, Mwalimu hakusikia, kulikuwa na kelele. Hata mama nilimwambia hivyo."

"Najua sasa."

"Hujui." Machozi yalimlengalenga. "Nenda tu, Mwalimu. Si kwamba nakufukuza. Nataka kukaa peke yangu."

Alirudi kwa miguu, mitaa mirefu ya maduka yaliyofungwa. Hakuwa amesamehewa, na hilo alilielewa. Lakini kuna kitu kilikuwa kimemtoka kifuani ambacho hakujua uzito wake mpaka alipokitua. Asubuhi, kabla ya chai, akajikuta amekaa kitandani akisema na Mungu tena, maneno machache, hayana mpangilio. Hakuomba ushindi. Aliomba amsikie mtu anaposema naye. Hakujibiwa, ila kesho yake alirudia, na keshokutwa.

Akawafuata wachezaji mmojammoja, jikoni, wodini, kwenye foleni ya duka la dawa. Aliwaambia kilichotokea, na kwamba ni kosa lake. Mpishi alimsikiliza huku akimenya viazi, akasema, "Mwalimu, usijidhalilishe hivyo mbele ya sufuria." Lakini alikuja mazoezini. Wakaja saba, wakiwamo wapya watatu.

Nahodha alitokea mechi ya tatu ya mzunguko wa pili, akaketi mwisho wa benchi. "Moyo bado haujatulia," alisema kabla hajaulizwa. "Nimekuja kutazama."

"Karibu."

Katika seti ya mwisho Mwalimu alisimamisha mchezo, akamgeukia. "Unaonaje?"

Nahodha aliduwaa. Miaka yote ile hakuwahi kuulizwa swali hilo. "Yule mrefu amechoka," akasema. "Anaogopa kukwambia. Mtoe."

Yule mrefu ndiye aliyekuwa mpigaji wao bora. Mwalimu akamtoa. Wakashindwa, kumi na tano kwa kumi na mbili. Mwalimu akavuka uwanja akawashika wapinzani mikono, wote, hadi wa akiba. Mmoja akanong'ona, "Mama Vikombe amekuwaje?" Aliposikia akatabasamu, ingawa ilimuuma, maana kushindwa huuma tu, hata kwa aliyekubali.

Jioni ile chumba chake kilikuwa kimya kama siku zote. Seremala alikuwa amefunga karakana, na hakuna aliyempigia simu. Alipiga magoti taratibu, akishika ukingo wa kitanda, akaanza kuwataja wachezaji wake mbele za Mungu kwa majina yao, mmojammoja. Akamtaja nahodha, akamtaja mpishi, na yule mrefu. Alipofika kwa msichana mpya wa stoo ya dawa akakwama. Miezi miwili alikuwa akimwita kwa namba ya mgongoni.

"Huyo unamjua," akasema. "Mimi nitamuuliza kesho."