Miaka Mitano ya Kapujema

Siku hizi mtu akinisifu namkatia maneno. Watu wanasema nina maringo. Waache waseme, kwa sababu ukweli wenyewe ni mbaya kuliko maringo, na uso unaniwaka hata ninapouandika.

Naitwa Barbara. Kwetu ni Buteba, huku Busia, na kazi yangu iko Tororo, kwenye ofisi ndogo ya uhasibu. Mwaka juzi mama alinifanyia sherehe ya kumaliza masomo. Hema, spika, ng'ombe mzima. Kina mama wa kikundi cha kufuga kuku, thelathini na mmoja, walichanga pesa wakanikodia joho, na shangazi yangu Anjeline, naye wa kikundi hicho, alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Kitu kimoja tu hawakukijua: sikuwa nimemaliza. Mtihani mmoja ulikuwa umenishinda mara tatu, ule wa kusoma hesabu za makampuni. Mama alikuwa ameshatangaza tarehe kanisani, nami nikajiambia nitaupita Juni, nani atajua. Juni nikaanguka tena.

Mwaka jana, mwezi wa pili, supamaketi ya Kapujema ikamtuma mnunuzi wake, kijana mmoja anaitwa Allan, kwa kile kikundi. Kapujema ilikuwa na matawi kuanzia Tororo mpaka Eldoret. Walitaka trei mia tatu za mayai kila wiki, kwa bei nzuri, ila malipo ni baada ya siku tisini. Wanunuzi waliozoeleka, wale wa kutoka upande wa Kenya, bei yao ilikuwa chini lakini walilipa palepale, pesa mkononi. Among, mwenyekiti wa kikundi, si mtu wa kurukia mambo. Aliniita kwake.

"Wewe ulisoma hesabu," akaniambia. "Sisi nataka kujua kitu moja tu. Hii duka iko na nguvu ya kulipa, ama hapana? Mayai ndiyo shule ya watoto."

Hapo ndipo ningesema, mama, hili siliwezi, tumtafute mtu. Ungekuwa wewe, umevalishwa joho na watu hao hao, ungesema? Nikajibu niachieni wiki moja.

Nikachapisha ripoti za Kapujema za miaka mitano. Kwenye mizania nikatazama ule upande unaoonyesha kampuni inadaiwa nini, na madeni yakitolewa, wenye hisa wanabaki na nini. Cha wenye hisa kilikuwa bilioni kumi na mbili, halafu kumi na nne, kumi na saba, ishirini na moja, ishirini na sita. Kinapanda bila kukosa mwaka. Madeni pia yalipanda, tena ya wauzaji ndiyo yalipanda vibaya, kutoka bilioni tisa mpaka hamsini na moja. Nikajipa jibu kwamba duka linalokua lazima lidaiwe. Jumapili baada ya ibada nikasimama mbele yao na karatasi zangu, nimechora mstari mwekundu unaopanda kama paa la kanisa. Nikawaambia mtaji umezidi mara mbili, hawa watu wamekaa vizuri. Vigelegele vikapigwa, mama yangu akafuta machozi.

Ijumaa yake, saa ya chakula, nilikuwa ofisini na chapati yangu, napitia maswali ya mitihani ya nyuma. Swali la nne liliuliza: eleza jinsi mtaji wa wenye hisa unavyoweza kupanda bila kampuni kupata faida. Nikaacha kutafuna. Nikazitoa ripoti za Kapujema kwenye droo na kufungua ukurasa niliouruka, ule unaouvunja mtaji vipande vipande. Pesa walizoweka wenye hisa zilikuwa bilioni tisa, na hazikuwahi kuongezeka. Faida waliyoilimbikiza ilikuwa tatu mwaka wa kwanza, wa pili hakuna kitu, kisha hasara juu ya hasara, mpaka jumla ikafika kumi na saba. Kilichokuwa kinapanda ni viwanja na majengo. Kila mwaka wanamleta mthamini, anaandika kwamba jengo lilelile sasa lina thamani zaidi. Bilioni thelathini na nne za maandishi. Ukizitoa hizo, wenye hisa wako chini ya sifuri kwa bilioni nane. Duka lilikuwa linaishi kwa mali ya wauzaji ambao halijawalipa.

Mayai yalikuwa yaanze kwenda Jumatatu.

Nikampigia Among. Akapokea kwa furaha, akanieleza kwamba wale wa Kenya wameshaambiwa wasije tena, na kwamba kikundi kimeniombea. Nilikuwa nimepiga ili nimwambie wasipeleke mayai. Nikauliza kuku wanaendeleaje.

"Wako sawa kabisa," akasema. "Asante kwa kutukumbuka."

Nikakata simu. Nilimwonea aibu mtu, nikamwacha apoteze mali yake. Hivyo ndivyo nilivyo.

Kapujema ilipokea mayai kwa miezi mitano. Malipo ya kwanza yalikuja nusu, ya pili hayakuja, kisha asubuhi moja mlango wa tawi la Tororo ukawa na mnyororo. Barua ya mfilisi ikafika kwa Kiingereza. Kina mama wakakusanyika kwa Among, wakaniita niisome. Hakuna hata mmoja aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniua.

"Ile duka ilituficha," Among alisema. "Hata huyu mtoto wetu, na masomo yake yote, walimficha."

Nikaanza kusoma. Kwanza italipwa benki, kisha kodi ya serikali na mishahara ya wafanyakazi, na wauzaji baada ya hao.

"Sisi tuko wapi hapo?" Shangazi Anjeline akauliza.

"Mwisho, shangazi. Nyuma yetu wako wenye hisa peke yao."

"Na pesa itafika kwetu?"

"Haitafika."

Aanyu, ambaye binti yake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ada wiki hiyo, aliinamisha kichwa. Among akasema basi, si kosa ya mtu, akanishukuru kwa kusoma. Ile asante sikuiweza.

"Hawakunificha," nikasema. "Iliandikwa. Niliiona Ijumaa, kabla mayai hayajaanza kwenda. Na ule mtihani sijaupita. Hata siku ya joho nilikuwa sijaupita."

 Among alinitazama.

"Wewe ulipiga simu," akasema taratibu. "Ukauliza kuku."

"Ndiyo, mama."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Aligeuza uso akatazama ukutani. Shangazi Anjeline ndiye aliyeinuka, akaiokota barua iliyoniponyoka, akanirudishia mkononi bila kunitazama machoni.

"Iko na ukurasa ya pili," akasema. "Soma. Hatuna mwingine."

Nikausoma polepole, na kila nilipofika mahali nisipopaelewa, nikawaambia hapa sielewi.