Mstaafu na Uzi Mwekundu

Maneno ya msusi yalimkaa fundi cherehani kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

"Shoga, paka wa mbegu kama ya huyo wako akinyamaza, ujue anakufa kwa majonzi," msusi alimwambia. "Kuna dada alikuwa na paka kama huyo, hachezi, halii, amekaa tu. Wakaamka wakamkuta kakauka."

"Dada gani huyo?"

"Aliyeniambia hakumtaja."

Mtu mwingine angecheka yakaisha. Lakini fundi ni mama ambaye mtoto akipiga chafya yeye anatafuta kadi ya hospitali. Tena paka mwenyewe hakuwa wake. Alikuwa wa binti yake, aliyekwenda masomoni akamwachia na maagizo mafupi: "Mama, chakula chake hiki, maji haya, mchanga wa choo usafishe kila siku, manyoya umchane. Mengine mwache mwenyewe. Ndivyo alivyo." Binti huyo hakuwa mwepesi wa kumkabidhi mtu kitu chake. Fundi alijua amepewa imani, na imani ya mtoto mkubwa ikichanika haina kiraka.

Paka alikuwa wa kijivu mtupu, mashavu mapana kama ya mpiga tarumbeta, manyoya mafupi yaliyoshonana kama zulia. Alikuja na cheti cha ukoo, babu na bibi wote wametajwa.

"Mimi babu wa babu yangu simjui," alisema mume wa fundi. "Huyu kanizidi."

Kutwa alikaa juu ya kabati la vitambaa akitazama dirishani, wala hamsumbui mtu. Mume akampachika jina la Mstaafu. "Muone, anangoja pensheni."

Wengine walicheka, fundi akaona majonzi. Akimwita, "Mstaafu, njoo kwa bibi," paka hufumbua jicho moja, humtazama, hulifumba. Akimpakata, anakakamaa kama ubao, anavumilia kidogo kwa adabu, kisha anashuka na kujilamba pale pote aliposhikwa. Fundi akampa maziwa ya kumliwaza, tumbo likamwendesha, na aliyepiga deki ni mume. Akamshonea sweta lenye vifungo. Mstaafu alipovishwa alijilaza ubavu, miguu imenyooka, mpaka akavuliwa.

"Umeona? Anakufa!" fundi akalia.

"Anakufa kwa aibu ya vifungo," mume akajibu.

Punje ya mchanga ikazidi kuuma. Ndipo fundi akakata nyuzi nyekundu, zile ngumu za kushonea jinzi, akazifunga shada kwenye ncha ya rula yake ndefu, akazipunga mbele ya kabati. Mstaafu akamtazama kama hakimu anayemsikiliza mwongo. Fundi akapunga tena. Mkono mmoja wa kijivu ukanyooka. Mara paka mzima akaruka chini, puu!

"Kacheza! Baba watoto, kacheza!"

Furaha ikamtoa mbio hadi saluni ya msusi, mlango wa pili, kwenda kumsuta. Rula na shada akaviacha sakafuni.

Aliporudi, shada lilikuwa limepungua. Mstaafu alikaa katikati ya chumba akitafuna hewa, udenda unamtoka, na kwenye pembe ya mdomo unaning'inia uzi mwekundu.

Mume alishapiga magoti. "Usiogope, mama watoto. Ncha ninayo hapa, nikivuta unatoka wote."

"Usivute!"

Hata fundi mwenyewe alishtushwa na sauti yake. Mume akabaki na uzi vidoleni.

"Nikitaka kutia marinda kwenye gauni, nafanyaje?"

"Si unapitisha uzi, halafu unauvuta."

"Na kitambaa kinakuwaje?"

Mume akalitazama tumbo la Mstaafu. Akauachia uzi kama kaa la moto. "Kinakunjamana."

Wakamtia kwenye kapu la nguo, wakafunika kanga, wakaenda kwa daktari wa mifugo, fundi akiomba njia nzima na mume akimwambia paka, "Vumilia, mzee mwenzangu."

Daktari alimulika mdomoni. Uzi ulikuwa umejizungusha chini ya ulimi, na upande wa pili umeteremka tumboni.

"Mmeuvuta?"

"Hatujauvuta."

"Mmemwokoa. Mngevuta, utumbo ungejikunja..."

"Kama marinda," mume akadakia, sasa ni mtaalamu.

Daktari akacheka. Akamchoma Mstaafu sindano ya usingizi, akaukata uzi chini ya ulimi, akapitisha kifaa chembamba chenye kamera, akautoa uliobaki. Fundi aliuona uzi wake mwenyewe kwenye sahani.

"Na ule ukimya wake, daktari? Hana majonzi?"

"Mama, anakula? Choo anakwenda? Manyoya yanang'aa?"

"Yanang'aa kuliko nywele zangu."

"Basi huyu ni mpole tu. Paka wa mbegu hii hukupenda akiwa upande wa pili wa chumba. Akiacha kula, au akianza kujificha, hapo niletee."

Likabaki la kumwambia binti. Fundi angeweza kunyamaza, ila alipiga simu akasema yote, sweta na maziwa yakiwemo, akamalizia, "Ukitaka kumhamishia kwa rafiki yako, mwanangu, sitanuna."

Binti akauliza:

"Mama, nani alizuia usivutwe?"

"Mimi."

"Basi abaki hapohapo. Ila sweta, mama! Lina vifungo kweli?"

Wakacheka mpaka simu ikakatika.

Siku zilizofuata fundi alishona zake, nyuzi zote ndani ya kopo lenye kifuniko. Hakumwita paka wala kumbeba. Mchana mmoja Mstaafu akashuka kabatini, akanyoosha mgongo, akaja kujilaza kando ya cherehani, hatua moja tu kutoka mguuni pake. Akaanza kukoroma.

"Baba watoto," fundi akanong'ona, "kaja mwenyewe."

"Usikimbie saluni, tafadhali."

Msusi alikuja mwenyewe, akamwona, akasema naye anataka paka kama huyo, tena anatafuta kitoto. Fundi alichana karatasi ya kukatia mitindo, akashika chaki, akamwandikia haya kwa herufi kubwa:

YA KUEPUKA

Usiache uzi, sindano wala utepe popote.

Uzi ukimtoka mdomoni au nyuma, usivute. Nenda kwa daktari.

Usimpe maziwa.

Usimbebe kama hataki.

Usimwogeshe ovyo. Mchane.

Usijaze sahani kila akikutazama. Anatazama tu.

Usimvishe sweta.

Usiamini habari ya dada asiye na jina.