Gari Lililomkataa Phelesia

Mimi si mtu wa kuomba radhi. Waulize mafundi wa Migori, watakwambia Maroa Nyamhanga akisema gari limepona, basi limepona. Nilitembea na kichwa hicho kikubwa kwa miaka ishirini, mpaka mwaka wa tisini na nne tulipomzika mke wa Mwalimu Jacktone.

Gari la Mwalimu lilikuwa la Kiingereza, la mwaka wa sitini na mbili, rangi ya maziwa. Alilinunua kwa mkaguzi wa shule aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, na alilitunza kuliko wengine wanavyotunza ng'ombe. Lilikuwa na ovadraivu. Kwa asiyejua, hiyo ni swichi ndogo kando ya usukani. Ukiwa gia ya nne na barabara imenyooka, unaibonyeza, injini inapumua, na mwendo unabaki uleule. Waya wake unapita chini ya zulia, juu ya ule mgongo wa bati unaofunika gia boksi, katikati ya dereva na abiria.

Mwaka wa tisini na mbili Mwalimu aliniletea gari hilo akisema linamisi. Si kila siku. Lilikuwa likikohoa, linakosa nguvu, kisha linakaa sawa bila kuguswa na mtu. Na ajabu yake, lilifanya hivyo tu alipokuwa akimpeleka mkewe, Phelesia, kliniki ya presha Homa Bay. Akiwa peke yake, halikuwa na neno.

Nilibadilisha plagi. Nikabadilisha pointi, kondensa, na koili. Nikafungua kabureta, nikaiosha mpaka ikang'aa. Kila mara nililijaribu mwenyewe hadi Uriri na kurudi, na kila mara lilikwenda vizuri, nikamrudishia Mwalimu kwa majivuno. Wiki haikwisha kabla hajarudi.

Mara ya nne walikuja wote wawili. Phelesia alikuwa mama mnene, mpole, nyonga yake ya kushoto mbovu, na alishuka garini kwa taabu. Alisimama kando yangu nikiwa nimeinamia injini, akaniambia jambo.

"Fundi, ikianza kukohoa nasikia harufu ya raba ikiungua. Ni hapa chini, kwa mguu."

Nilikuwa na wateja wengine pale, nami napenda kuchekesha watu. Tena, nitasema ukweli, sikuona mama wa kliniki angenifundisha nini kuhusu injini. Nikamjibu bila hata kuinua kichwa.

"Mama, hii gari haina makosa. Ni wewe haikutaki."

Watu walicheka. Mwalimu alitabasamu kidogo. Phelesia naye alicheka, mkono mdomoni, akarudi kwenye kiti chake.

Sikujua nimesema nini. Phelesia alikuwa amezika watoto wawili, na pale nyumbani kwao Uriri walikuwepo waliokuwa wakitafuta tu neno la kumbandika. Damaris, dada yake Mwalimu, aliusikia mzaha wangu, na kufikia Jumapili haukuwa mzaha tena. Ilisemwa kwamba hata gari limemkataa, kwamba kuna kitu anatembea nacho. Mwalimu ni mtu aliyesoma, hakutaka kuyasikia hayo. Lakini kila alipompandisha mkewe, gari lilikohoa. Mwishowe Phelesia mwenyewe alisema atakuwa anapanda matatu.

Kwa nyonga ile, na kubadilisha gari Rongo, aliruka mwezi mmoja wa kliniki, kisha mitatu. Mara ya mwisho alibebwa na pikapu ya jirani akiwa hajitambui. Hakurudi.

Mwalimu alinifuata gerejini mwenyewe. Wanaume wa ukoo walikuwa wamemkataza kushika usukani kwa vile ndiye mfiwa, na hakutaka mtu asiyelijua gari lake aliguse. Nikaenda naye Homa Bay. Tulipotoka mochari, pikapu yenye jeneza ilitangulia, nasi tukafuata. Mwalimu alikaa upande wa kushoto, kiti cha mkewe, ambacho yeye hakuwahi kukikalia.

Barabara iliponyooka nikabonyeza swichi. Hatukwenda mbali, gari likakohoa. Miaka miwili ya kulitengeneza, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nalisikia kwa masikio yangu. Likakohoa tena. Mwalimu akageuka kunitazama, macho mekundu.

"Kumbe hata mimi hainitaki," akasema.

Nikasikia harufu ya raba. Nikatazama chini. Alikuwa ameukaza mguu wake wa kulia kwenye ule mgongo wa bati, kama mtu anayejizuia asilie. Nikamwomba auondoe, injini ikatulia. Nikamwomba aurudishe, ikakohoa. Nikazima ovadraivu, nikamwambia akanyage apendavyo, na gari halikukohoa hata kidogo. Nikaegesha kando. Pikapu ikaenda zake na jeneza.

Nilifunua zulia. Waya ulikuwa umechunika mahali padogo, urefu wa ukucha, umekuwa mweusi. Mguu ukiukandamiza, unagusa bati na kuiba umeme wa koili. Ni hapo tu. Mimi nilikuwa nikilijaribu gari peke yangu, kiti cha kushoto kitupu.

Nakiri kwamba nilitaka kunyamaza. Ningeweza kusema ni vumbi, naye asingebisha. Lakini alikuwa ameinama pamoja nami, anaona ninachokiona.

"Alikuwa anaweka mguu hapo," akasema polepole. "Kwa sababu ya nyonga. Na alikwambia."

"Aliniambia, Mwalimu."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alisema tu kwamba kwao kwenye mazishi kila mtu hupewa nafasi ya kusema, hata mgeni, na kwamba mimi nitasema.

Nikasimama kando ya jeneza, Mkuria mimi, mbele ya umati ule wa Wajaluo, mtu akinitafsiria. Nilisema gari halikumkataa huyu mama. Nilisema ni waya uliochunika, na kwamba yeye ndiye aliyenionyesha mahali pake, nikamcheka. Hapo mfasiri aliniuliza kwa sauti ya chini kama hilo nalo nataka aliseme. Nikamwambia aliseme. Kisha nikasema yale maneno yaliyomfukuza garini yalitoka kinywani mwangu. Damaris alijifunika uso kwa leso. Wengine walitazama chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na bado ninayo.

Siku ya nne baada ya mazishi nilikwenda Uriri na utepe wa nyaya. Nikaufunga ule waya, nikausogeza mbali na mguu. Kazi yote ilichukua dakika kumi.

Mwalimu akaniambia nikae kushoto, niweke mguu pale alipokuwa akiuweka mkewe. Akaendesha mwenyewe, ovadraivu ikiwaka, nami nikaukaza mguu njia nzima mpaka Rongo. Gari halikukohoa hata mara moja. Hapo kwenye njia panda ya kwenda Homa Bay alisimama, injini ikinguruma taratibu.

"Sasa ingemfikisha," akasema.

Kisha akaligeuza, maana huko hatukuwa na mtu wa kumpeleka.