Paka Kati ya Kuta Mbili

Umewahi kulala ukasikia kitu kinakufa ndani ya ukuta, shubiri moja tu kutoka sikioni mwako? Mama huyu alisikia. Alimsikia paka wake akikwaruza matofali na kulia kama mtoto aliyenyimwa ziwa, kisha akilia kidogo kidogo, kisha kimya.

Na paka aliingiaje ukutani? Sikiliza.

Mama alikuwa na wana wawili. Mkubwa alikuwa fundi wa kujenga, watu wakamwita Fundi. Mdogo alikuwa na duka la nyama pale pale mbele ya nyumba, wakamwita Bucha. Baba yao alipozikwa tu, waligombania nyumba, na hakuna aliyekubali kutoka. Wakaikata katikati kama mkate, kisu kikapita kwenye chumba cha mama. Husemwa ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lakini hawa, ungelima mpaka mpini ukatike. Fundi alipoinua ukuta wake, Bucha alikataa katakata kuegemea tofali la kaka yake. Akatafuta fundi mwingine, akajengewa ukuta wake mwenyewe mgongo kwa mgongo na ule wa kwanza, na kati yao pakabaki upenyo wa shubiri, juu wazi, chini giza.

Mama akapewa kitanda kwa Bucha na chakula kwa Fundi. Kila asubuhi alitoka na fimbo yake, jua au mvua, akazunguka nyumba nzima kufuata uji. Paka peke yake ndiye aliyepita juu ya kuta, chini ya mabati, akila kule na kulala huku bila kuomba ruhusa ya mtu. Siku moja akateleza, akakwama kati ya kuta.

"Mwanangu, paka kaanguka ukutani," mama alimwambia Bucha. "Toa tofali mbili tu."

"Ukuta wangu sivunji, mama. Mwambie huyo mwenye nyundo."

Mama akazunguka nyumba. Fundi alikuwa anakula, hata kichwa hakuinua. "Nivunje mimi ili yeye acheke? Akavunje kwake."

Mama akazunguka tena. Akaweka kiganja ukutani, akahisi kucha zikikwaruza upande wa pili. Akabaki hivyo mpaka zilipoacha.

Kisha ukaja uvundo. Uliingia kwenye mashuka, kwenye maji ya kunywa, kwenye nywele. Funza walipenya kwenye ufa juu ya mto wa mama, naye akawa anawafuta na kitambaa, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua mchele. Nzi wakahamia dukani.

"Bucha, leo unauza ng'ombe au mzoga?" wateja wakamwuliza, wakacheka, wakaenda kununua kwingine.

Kicheko hicho ndicho kilichomtoa Bucha dukani na panga lake la kukatia mifupa mkononi. Mama alimwona akipita mlangoni.

"Mwanangu, weka hilo panga!"

Hakugeuka. Mama akabaki kitandani, akasikiliza.

"Umeniachia mzoga ukutani uniulie biashara!"

"Mzoga ni hayo matumbo unayoficha! Mwizi wa mizani wee!"

"Rudia!"

"Mwizi! Mwizi tangu tumboni!"

Na tumbo lenyewe ni langu, mama akawaza. Hata hilo hawakuniachia.

Kofi likalia. Meza ikapinduka, sahani zikavunjika, mtu akabamizwa ukutani mpaka vumbi likamwangukia mama usoni. Kisha Fundi akapiga ukelele mrefu, ule wa mtu aliyekatwa.

"Unautaka huo mzoga? Ngoja uone!"

Nyundo kubwa ikaanza kutwanga. Plasta ikamwagika, matofali ya Fundi yakaporomoka kwenye upenyo. Lakini hasira haijui mpaka. Akapitiliza, akaupiga na ukuta wa mdogo wake.

"Huo ni wangu!" Bucha akamrukia mgongoni, akamng'ata sikio. Fundi akamtandika kiwiko cha mdomo, akainua tena nyundo. Tofali likachomoka kama jino, likampiga mama juu ya jicho.

Nyuma yake akaja paka. Alianguka kwenye blanketi, amevimba na kupasuka, na kucha zake za mbele zilikuwa zimelika hadi nyama.

"Mama?"

Vichwa viwili vilichungulia tunduni, shavu kwa shavu. Fundi alikuwa na mkono uliopasuliwa na panga, damu ikimchuruzika mpaka vidoleni. Bucha hakuwa na meno ya mbele.

"Si ni yule paka tu," Fundi akasema akihema. "Umeumia, mama? Usiogope, nitaziba leo leo."

"Utaziba wako," Bucha akasema, akitema damu. "Wangu nitaziba mwenyewe."

Mama alijifuta damu isimwingie jichoni. Hakuwa anawatazama wao. Nyuma ya vichwa vyao aliliona dirisha lake, lililobaki upande wa Fundi, na kile kioo alichokipasua Bucha kwa mpira utotoni. Hakuwa ameliona kutoka kitandani tangu kuta ziinuke. Jua lake lilipita tunduni, likamwangukia magotini.

Akamfunika paka kwa pembe ya blanketi. Akaokota lile tofali lenye damu yake, akaupiga nalo ukingo wa tundu. Tofali jingine likang'oka, likamponda Bucha vidole.

"Aaa! Mama, unafanya nini?"

Akapiga tena.

"Hamzibi," akasema. "Siku mlipovuta kamba chumbani kwangu nilinyamaza, nikidhani mtaniuliza. Mkapima, mkajenga, mkanihamisha kama kabati. Paka wangu kalia, nyote mkamsikia. Sasa chukueni nyundo kwa mikono hiyo hiyo ya kuuana, mbomoe kuta zote mbili mpaka chini. Nataka chumba changu."