Mtoto Aliyetulia

Nimefanya kazi kwenye machinjio ya nguruwe nusu ya maisha yangu, kwa hiyo mtu asinifundishe habari za uvundo. Utumbo nimeosha, damu nimekanyaga, na mchana nikakaa nikala mkate wangu bila wasiwasi. Lakini kichefuchefu kilichonipata siku ile mezani kwangu mwenyewe, mbele ya keki na vikombe vya maua, machinjioni sikuwahi kukipata. Mpaka leo nikimwona mtu anajipangusa krimu mdomoni kwa adabu, nainuka mezani.

Solvej ana miaka tisa. Alikuja kwangu akiwa ameshapitia nyumba tatu za walezi, na zote zilimrudisha kama kiatu kisichowatosha. Huku kwetu manispaa ndiyo inayomleta mtoto na manispaa ndiyo inayomwondoa. Sisi walezi tunatunza tu katikati. Mtoto huyu hamgusi mtu. Hapigi, hatukani. Anachofanya ni kuficha chakula. Nyama chini ya godoro, samaki ndani ya viatu, ini la kusaga ndani ya foronya, kwa sababu kwa mama yake kulikuwa na siku za kufungiwa chumbani bila kupewa kitu. Ukikitoa mbele yake, anajigonga kichwa ukutani mpaka damu. Haogi mpaka nikae sakafuni nimgeuzie mgongo, niimbe. Akisikia ufunguo unazungushwa mlangoni anajikojolea, basi shule humrudisha nyumbani kabla ya mchana. Huyo ndiye mtoto wangu. Nampenda, na amenichosha.

Mwaka jana tulimpeleka kliniki ya afya ya akili ya watoto. Walimtazama, wakanong'onezana, wakasema kwa sasa hawawezi kumpokea. Eti hajatulia. Matibabu yanafukua majeraha, wakasema, na mtoto ambaye hajatulia hawezi kuhimili, kwa hiyo kwanza atulie, akishatulia wamtibu. Nikawauliza atatuliaje bila kutibiwa. Wakaniangalia kwa huruma, vile mtu anavyomwangalia mlevi wa mtaani. Nikamshika Solvej mkono tukarudi nyumbani kutulia.

Na tulitulia kweli, kwa jasho langu mimi. Aliacha kutoroka kupitia dirishani. Akaanza kumwita mama mkwe wangu Bibi. Huyo mama mkwe, Dagmar, anaishi nami tangu mwanawe, mume wangu, afariki. Mgongo wake umepinda na mifupa ni ya kubahatisha, lakini mikono haijui kupumzika.

Halafu Torben akanipigia simu. Torben ndiye afisa wa manispaa anayemshughulikia Solvej, si mtu mbaya, ila uti wa mgongo hana.

"Gudrun, nimewabana wale wa kliniki," akasema. "Wanamtuma mwanasaikolojia hapo kwako, amwone mtoto anapoishi. Ila nikuambie ukweli. Wakimkataa tena, mimi sina ujanja. Shule imechoka, na wakubwa zangu wanasema mjane na kikongwe hawamwezi. Atapelekwa bweni la watoto, upande wa pili wa nchi."

"Na wakimpokea?"

"Akiwa kwenye matibabu anabaki kwako. Hilo naweza kulitetea."

Basi nikaamua sifichi kitu. Tangu siku ile sikugusa chini ya kitanda chake. Kulikuwa na vinofu vya nyama vilivyoota manyoya ya kijani, kulikuwa na sild, yule samaki wetu wa siki, amelainika ndani ya soksi, na harufu ilikuwa inatoka chumbani inakuja kutusalimia jikoni. Nilivumilia. Nilitaka mtaalamu apige magoti, ainue godoro lile, na pua yake imweleze yale ambayo mimi nikieleza naonekana natia chumvi.

Nilichosahau ni Bibi Dagmar. Kwetu huku kusini mwa Jutland, mkoa wa wakulima, mgeni wa kahawa ni jambo zito. Keki laini kwanza, halafu za krimu, halafu vibiskuti vikavu, na mgeni anaonja zote. Mwanamke ambaye meza yake ina mapengo atasemwa mpaka kaburini. Na ukiandaa meza ya namna hiyo, nyumba nzima lazima ing'ae, hata kabati ambalo mgeni hatalifungua.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikwenda kumchukua Solvej shuleni. Kurudi, nakuta madirisha wazi, ukumbi unanukia sabuni na iliki. Godoro liko nje kwenye jua limesuguliwa. Shuka mpya, foronya mpya, sakafu unaweza kulia chakula. Ile alama ya damu ukutani imefunikwa kwa picha ya swala wawili.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya usafi. Nimeona umelemewa, nikakusitiri."

"Niliviacha makusudi, Mama. Nilitaka avione."

Akanikazia macho kama nimetukana. "Avione? Mgeni aje akute nyama imeota manyoya nyumbani kwa mwanangu? Wewe una wazimu, Gudrun. Watasema tunamlea mtoto kwenye uchafu, kesho asubuhi wamemchukua."

Nilitaka kupiga kelele, nikashindwa. Alikuwa amepiga magoti na mgongo ule, ametoa uozo ule kwa mikono yake, kwa kumpenda mtoto.

Solvej alisimama mlangoni mwa chumba chake. Akainama, akaangalia chini ya kitanda kitupu. Nikajiandaa kumkinga kichwa. Hakulia, hakujigonga. Alivaa uso wake wa wageni. Huo uso naujua. Ametoka nyumba moja kwenda nyingine mpaka amejifunza kwamba mtu yeyote anayeingia mlangoni anaweza kuwa mama anayefuata, kwa hiyo ni heri ampendeze mapema.

Mwanasaikolojia aliitwa Henriette. Sauti laini, skafu kubwa, soksi za sufu. Akaketi, Torben akaketi pembeni yake, na Solvej akaanza kazi. Akamimina kahawa bila kumwaga tone. Akapitisha sahani. Kabla Henriette hajamaliza kipande cha kwanza mtoto alikuwa amemkalia mapajani anachezea skafu yake.

"Una nywele nzuri," Solvej akamwambia. "Una watoto nyumbani kwako? Kuna chumba kitupu?"

Henriette akacheka, akamkumbatia. "Jamani, mtoto mchangamfu hivi! Anajenga uhusiano haraka sana."

"Huo ndio ugonjwa wenyewe," nikasema. "Amekujua kwa kipande kimoja cha keki, na anakuomba chumba."

"Watoto wana upendo, Gudrun."

"Mimi alinikalia mapajani siku ya kwanza pia. Na fundi wa bomba. Na mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme."

Torben akacheka, kinywa kimejaa. Nikamtazama mpaka akameza.

Tulipokwenda chumbani, Henriette alisimama katikati akazunguka kama mnunuzi wa nyumba. Chumba kizuri, akasema, kina utulivu. Nikamwambia jana kilikuwa kinanuka kuliko pipa la machinjioni, kwamba chini ya kitanda kulikuwa na chakula kimeoza na huyu mtoto anakilinda kama uhai wake. Nikaondoa ile picha ya swala nikamwonyesha ukuta. Ukuta ulikuwa mweupe. Bibi alikuwa ameshausugua nao.

"Nyumba hii haijawahi kunuka," Bibi Dagmar akasema kutoka mlangoni, amejinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Mama, nyamaza."

"Sinyamazi. Huyu mtoto hana tatizo hapa. Anakula, anavaa, anaoga."

Masikini, alidhani anamtetea. Alidhani amekuja mkaguzi wa usafi, na kila neno lake lilikuwa linamsukuma mtoto kuelekea bwenini.

Tukarudi mezani. Nikaomba Solvej aende jikoni kwanza. Henriette akatikisa kichwa. Wao, akasema, huzungumza mbele ya mtoto, kwa sababu ni haki yake kushirikishwa. Kwa hiyo mtoto akakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, ashirikishwe.

"Mimi ninachokiona ni mtoto aliyetulia," Henriette akasema. "Hongereni sana. Hii ni kazi yenu. Foleni yetu ni ndefu mno, na nafasi tunawapa walio hatari kwao wenyewe au kwa wengine."

"Anajigonga kichwa mpaka damu."

"Lini mara ya mwisho?"

Nikasema kweli, kwamba ni kabla ya Pasaka, tangu nilipoacha kugusa chakula chake.

"Unaona? Anaendelea vizuri. Na hajawahi kumdhuru mtu mwingine?"

"Hajawahi," Torben akadakia, kama anamsifia.

"Mwaka jana hakuwa ametulia, mkamkataa," nikasema. "Mwaka huu ametulia, mnamkataa. Nitajie siku ambayo huyu mtoto anaruhusiwa kuumwa."

"Naielewa hasira yako, Gudrun."

"Huielewi. Ungeielewa ungeuweka chini huo uma."

Aliuweka chini, taratibu, akajipangusa krimu pembeni mwa mdomo. Akasema milango haijafungwa. Hali ikibadilika tupige simu, hata kesho. Akimdhuru mtu, kwa mfano, wanalazimika kumwona ndani ya wiki moja, huo ndio utaratibu wao. Alilisema kwa upole, kama anatupa zawadi. Kisha akamgeukia Bibi Dagmar akamuuliza ile keki ya mkate mweusi inapikwaje, maana ni tamu ajabu. Na Bibi, Mungu amsaidie, akamfungia kipande cha kwenda nacho.

Nimeona nguruwe mgonjwa akisukumwa mlango hadi mlango kwa sababu hakuna zamu iliyotaka kuchafuka naye. Wale wasukumaji angalau walitukana, walijua wanafanya kitu kibaya. Hawa walitushukuru kwa kahawa.

Mlangoni Torben akanong'ona, "Pole, Gudrun. Nitachelewesha mpaka likizo ya kiangazi. Baada ya hapo siwezi."

"Una krimu kidevuni," nikamwambia, nikafunga mlango.

Jikoni Bibi Dagmar alikuwa amekaa mbele ya sahani chafu, hazigusi. Jambo limeshamwingia. "Nimemfukuzisha mtoto," akasema. Nikamwambia hapana, hao walikuja na jibu lao mfukoni. Sijui kama nilikuwa namwambia kweli. Nikafungua bomba nikaanza kuosha vikombe, nikiviosha kwa nguvu mpaka mkono wa kikombe kimoja ukakatika.

Solvej akaja akasimama kando yangu. Ule uso wa wageni alikuwa ameshauvua.

"Gudrun. Ili wanipokee, inabidi nimuumize nani?"

Nikafunga bomba. "Nani amekuambia umuumize mtu?"

"Yule mama. Amesema nikimdhuru mtu wataniona ndani ya wiki." Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama anavyouliza kesho avae koti gani. "Bibi sitaki, mifupa yake ni mibovu. Wewe je? Wewe ni mnene, labda hutaumia sana."

Mtu mzima ana maneno yake kwa saa kama hizo, kwamba watu hawaumizwi, kwamba mambo yatakuwa sawa. Yote nikayaona ni krimu tu. Nikakunja mkono wa sweta, nikajiuma mwenyewe chini ya kiwiko, kwa nguvu zote, mpaka machozi yakanitoka.

"Basi," nikamwambia. "Kesho nawapigia simu nawaambia umeniuma. Wewe humgusi mtu."

Akaushika mkono wangu akauangalia vizuri, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Watajua," akasema. "Mdomo wako ni mkubwa. Wangu mdogo."

"Kweli," akasema Bibi Dagmar pale mezani, bila kuinua uso.

Nikakaa kwenye kiti. Nilikuwa nimechukizwa na kila kitu, na kliniki yao, na sauti zao laini, na meza yetu iliyojaa makombo, na mimi mwenyewe zaidi, kwa sababu nilikuwa tayari naukunja mkono wa pili.

"Wataandika kwamba wewe ni mtoto anayeuma watu," nikamwambia. "Haitafutika hiyo. Kila utakapokwenda wataisoma kabla hawajakuona."

"Lakini nitabaki hapa?"

"Utabaki."

Akafikiri. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaweka meno, akauma kidogo, akaachia haraka akaniangalia usoni.

"Unaumia?"

"Hapana," nikamwambia. "Endelea."